Ng'ombe wa Lango la Magharibi

Kwenye karatasi ya kwanza kulikuwa na nyumba. Kwenye karatasi ya pili, mahali palepale, kulikuwa na ng'ombe.

Gerlof Tiessen, naibu wa mwendesha mashtaka wa mji wa Oosterwaard, alizitandaza zote mbili juu ya meza ya karakana na kuzibana pembe kwa makopo ya wino. Zilikuwa chapa mbili za picha moja: mji mzima ukionekana kutoka ng'ambo ya mto, minara yake, vinu vyake vya upepo, kuta, meli zilizotia nanga, na juu kabisa utepe wenye jina la mji, umeshikwa na simba wawili. Lubbert Coorn ndiye aliyeichonga kwenye bamba la shaba, kwa amri ya baraza la mji. Alitoa chapa moja tu ya majaribio. Asubuhi iliyofuata alikutwa akielea kwenye mfereji nyuma ya karakana hii, kisogo kimepasuka.

"Muuaji wenu mmeshampata," alisema Hillegond, mjane wake. Alikuwa amesimama kando ya mtambo wa kuchapia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. "Mmemfunga. Kwangu unatafuta nini tena?"

"Natafuta ng'ombe hawa wametoka wapi, Bibi Hillegond."

"Wametoka kwa mama yao."

Gerlof hakucheka. Alielekeza kidole kwenye karatasi yenye nyumba, ukingoni kabisa kushoto, nje ya Lango la Magharibi. "Hii tuliikuta ukutani kwa Maillaert Dhondt, huyo tuliyemfunga. Mtaa wa wapausha vitambaa, wale wanaong'arisha shuka ziwe nyeupe, wote umo, hadi kamba za kuanikia shuka. Hii nyingine nimeinunua jana sokoni, imechapwa hapa kwako. Mtaa haumo. Kuna nyasi na ng'ombe watano."

"Najua. Mimi ndiye ninayeichapa."

"Bamba lilikuwa wapi siku maiti ilipopatikana?"

"Halikuwepo. Nilipekua nyumba nzima, halikuwepo. Baada ya mazishi likaletwa kutoka barazani, limefungwa vizuri kwenye kitambaa. Wakasema Lubbert alilipeleka mwenyewe jioni ile, kabla hajauawa."

"Na ng'ombe wakiwa tayari wamechongwa?"

"Tayari." Hillegond alichukua kitambaa akaanza kujifuta mikono, lakini wino haukutoka. "Unataka nikwambie ninavyofikiri? Lubbert aliniapia, pale uliposimama, kwamba hatawafuta wale watu hata baraza zima lije limpigie magoti. Kumbe alikuwa ameshawafuta. Alinidanganya mimi, akamdanganya Maillaert kwa kumpa karatasi ya kumtuliza. Nimezika mwoga, Bwana Gerlof, na kila siku naamka nauchapa woga wake kwa mikono yangu. Na watu wanapanga foleni!"

Hilo lilikuwa kweli. Tangu picha itoke, Oosterwaard haikuwa na mazungumzo mengine. Mwokaji mikate alilalamika kwamba mnara wa parokia yake umechorwa mfupi. Wauza samaki walihesabu mashua zao kwa kidole na kugombana na wenye meli za nafaka. Kila nyumba yenye ukuta mkavu ilitaka kuutundika mji wake juu ya meko, na kila mgeni aliyeingia alioneshwa: dirisha letu lile pale, unaliona?

Gerlof aliomba bamba lenyewe. Hillegond alilifuta wino na kulilaza kwenye mwanga wa dirisha. Gerlof alipitisha kidole gumba taratibu juu ya shaba. Kila mahali ilikuwa tambarare. Ukingoni, mahali pa ng'ombe, kidole kilizama kidogo, kama kwenye kijiko. Aligeuza bamba. Kwa nyuma palikuwa na alama za nyundo.

"Walikwangua, wakasugua, kisha wakagongagonga kwa nyuma ili pasibaki shimo," alisema. "Mumeo angefanya hivihivi?"

"Mchongaji yeyote angefanya hivyo. Hilo halikupi kitu."

Gerlof alirudi kwenye karatasi. Aliinama akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaweka kiganja chake juu ya meza na kuangalia kivuli chake kilivyolala.

"Jua limetoka wapi kwenye picha hii?"

"Kulia. Ni asubuhi. Lubbert alipenda asubuhi."

"Kwa hiyo kivuli cha mnara kimelala kushoto. Na cha kinu. Na cha lango. Sasa hebu waangalie ng'ombe."

Hillegond alisogea. Chini ya kila ng'ombe palikuwa na mistari michache iliyokozwa vizuri, mistari safi ya mkono usiotetemeka. Vivuli vyote vitano vililala kulia, vikilielekea jua.

Mjane alitazama karatasi, akatazama bamba, akarudi tena kwenye karatasi.

"Amesahau kugeuza," alisema polepole. "Shaba inachongwa kinyume. Cha kushoto unakiweka kulia, karatasi ndiyo inayokirudisha. Huyu amewachonga kama alivyotaka waonekane." Akalishika bamba. "Lubbert alichonga miaka ishirini na mitano. Usingizini angegeuza. Akilewa angegeuza!"

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye." Alikaa kwenye kiti chake, mikono ile myeusi mapajani. "Nimemtukana kaburini wiki nzima, na si yeye."

Gerlof alimwacha alie. Alipotulia alimwuliza jambo moja tu: ni nani, katika mji huu, anayeweza kuchonga shaba kwa mkono imara hivyo na hajawahi kuchapa karatasi hata siku moja?

Hillegond hakujua. Gerlof alianza kuhisi kwamba yeye anamjua.

*

Kabla ya kwenda kwa mtu huyo alipita gerezani. Maillaert Dhondt alikuwa mtu mkubwa mwenye nyusi nyeupe, ngozi ya mikono imechubuka kwa maziwa mgando na majivu ya kupaushia. Babu yake ndiye aliyekimbia vita vya Flandria. Yeye mwenyewe alizaliwa nje ya Lango la Magharibi, na bado watu wa ndani ya kuta walimwita mgeni.

"Kesho wanakuja na kamba na mawe, wanitese hadi nikiri," alisema Dhondt. "Mlinzi kaniambia, kwa kunipa moyo."

"Najua. Nieleze ulivyogombana na Lubbert darajani."

"Nimeshawaeleza wenzako."

"Wenzangu wameandika ulimtishia kumuua. Mimi nataka maneno yenyewe."

Dhondt alijikuna shingo. "Lubbert aliniambia Meya anataka tutolewe kwenye picha. Nikapandisha hasira. Nikamwambia, 'Utatufuta, nakujua, utatufuta kwa sababu huwezi kusema hapana kwa mtu mwenye mkufu wa umeya shingoni.' Nikamwambia na mengine ya mama yake. Watu wakasikia. Jioni akaja nyumbani na ile karatasi, mbichi, wino unaondoka na vidole. Akasema, 'Mmo, wewe zimwi. Mmo hadi chupi zenu kwenye kamba.' Hakukaa hata kunywa bia. Na mimi sikumwomba radhi, nilidhani nitamwona kesho yake."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Nyumbani. Alisema kuna mtu anamsubiri karakana, mtu wa kupimapima."

"Wenzangu uliwaambia hilo?"

"Hawakuuliza. Walikuwa wanauliza nimeificha wapi nyundo."

*

Reinout Kessel, mpima ardhi wa mji, alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye kola iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa amemchumbia binti wa Meya Sterrenburg. Nyumba yake ilinukia mafuta na shaba. Vyombo vyake vya kupimia vilitundikwa ukutani, duara na nusu duara, kila kimoja kimechongwa tarakimu na maua madogo kwa mkono wake mwenyewe.

"Kazi nzuri," alisema Gerlof, akishusha kimoja. "Mkono hautetemeki kabisa."

"Ni mazoea, Bwana Gerlof. Karibu ukae. Nikuletee jibini?"

"Nimekula. Hivi unavyochonga hapa, namba nne unaichonga nne?"

Reinout alitabasamu. "Ningeichonga nini tena?"

"Sijui. Nauliza kwa ushamba wangu tu." Gerlof alitandaza picha ya mji juu ya meza, ile ya sokoni. "Nimenunua na mimi. Mke wangu ataiweka juu ya meko. Lakini wewe ni mtu wa macho, nisaidie. Jua liko wapi hapa?"

"Kulia. Mashariki."

"Umejuaje?"

"Vivuli. Angalia mnara, umelala huku. Lango, huku. Na ng'ombe…"

Kidole cha Reinout kilibaki hewani. Nje mtu alipita na mkokoteni juu ya mawe, akatokomea, na kidole bado kilikuwa palepale.

"Na ng'ombe?" aliuliza Gerlof.

"Mchongaji alikosea."

"Lubbert Coorn alikosea. Katika bamba ambalo aligeuza vizuri meli, minara na herufi zote za utepe, akaja akashindwa na ng'ombe."

"Labda alichoka."

"Labda. Au labda alikuwa ameshakufa. Dhondt anasema jioni ile kulikuwa na mtu wa vipimo karakana. Mpima mwingine mjini simjui."

Reinout alikaa.  Alipoanza, maneno yalimtoka haraka, kama mtu aliyekuwa akiyakariri kila siku.

"Nilikwenda kumwomba tu. Naapa. Mfereji mpya wa mji lazima upite pale mtaani kwa wapausha, hakuna njia nyingine, nimepima mwenyewe, na wale watu wamefungua shauri la kuupinga. Meya alisema picha ikitoka na nyumba zao, tumekwisha. Nikamwambia Lubbert, ni kipande cha pembeni, nani atakiangalia? Akasema shuka mnazolalia wamezipausha wao, kola hiyo shingoni mwako wameipausha wao, na wewe unataka mji usiokuwa nao. Akanicheka. Nikalishika bamba, akalishika. Nikamsukuma. Alianguka kwenye mkono wa mtambo. Sikumpiga! Nilimsukuma."

"Na mfereji? Alijisukuma mwenyewe?"

Reinout alijifunika uso. "Nilidhani ameshakufa."

Gerlof aliinua macho. "Ulidhani."

"Nilikwenda kwa Meya. Akasema nenda nyumbani, ubadilishe nguo, ulitengeneze bamba. Nikalitengeneza."

Gerlof alikunja picha yake na kusimama. Hapo ndipo alipogundua kosa lake. Alikuja peke yake. Hakuna mwandishi aliyekuwa chumbani, wala askari, na mtu huyu mpole angekuwa na muda wa kutosha kumeza kila neno alilolitapika.

*

Meya Boudewijn Sterrenburg alimpokea katika chumba cha juu cha baraza, ambako picha ileile ilikuwa imeshatiwa fremu. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mzee, macho makavu, na hakujifanya kushangaa.

"Mwingine anayejua ni nani?" aliuliza.

"Mjane anajua mumewe hakuchonga ng'ombe."

"Hilo ni la uchongaji. La Reinout?"

"Mimi."

"Reinout atakana. Ameshaanza kukana, amenitumia mtu kabla hujapanda ngazi zangu." Meya alisogeza kiti. "Kaa, Gerlof. Umenitumikia vizuri. Unataka nini?"

"Nataka muuaji awekwe ndani na asiye muuaji atolewe."

"Vyote viwili huwezi kupata."

"Sheria inasema…"

"Sheria ya nani? Kesho asubuhi Dhondt ataning'inizwa mikono kwa kamba, mawe miguuni. Wewe umeshaona watu wakining'inizwa. Hadi mchana atakuwa amekiri kumuua Lubbert, na Kaini na Habili ukitaka. Mikononi mwako kuna vivuli vya ng'ombe, rafiki yangu. Mikononi mwangu kuna mtu."

Gerlof alikaa kwenye kiti.

"Sasa nisikilize," Meya aliendelea, sauti laini zaidi. "Naweza kutamka leo kwamba Lubbert aliteleza kwenye ngazi za mfereji, amelewa. Dhondt anakwenda nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Reinout anapanda meli ya mashariki mwezi huu na binti yangu atalia kisha atapata mume mwingine. Wewe utaapa kunyamaza, hapa, mbele yangu."

"Na mtaa wao?"

"Mtaa gani?" Meya aliitazama picha ukutani, akacheka kidogo, bila furaha. "Mahakama ya mkoa itawasikiliza kabla ya Pasaka. Wanadai wamekaa pale vizazi vitatu, kwamba ni watu wa mji na hawawezi kuhamishwa. Majaji wa huko hawajawahi kukanyaga hapa. Mawakili wetu wataweka karatasi hii mezani. Mji umejichora, utasema nini zaidi?"

"Ni uongo, Bwana Meya."

"Baba yako alipochorwa sura, aliomba achorwe na chunjua lake? Mimi nimeukuta mji huu ukinuka, Gerlof. Watu walikuwa wanapita mtoni bila kuuliza jina lake. Leo mabalozi wameutundika ukutani. Mfereji ukipita, watoto wa mji huu watakula. Wote, hata wako."

"Watoto wa Dhondt je?"

Meya alichukua Biblia kutoka kwenye rafu na kuiweka katikati ya meza, akaipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu yake.

"Kamba au chakula cha jioni," alisema. "Mimi sina haraka."

Gerlof alikaa akitazama mlango. Alifikiria mahakama ya mkoa, barua, siku za safari, na akafikiria bega la mtu linavyotoka mahali pake. Kisha aliweka mkono juu ya kitabu.

*

Gerlof alikwenda mwenyewe kumfungulia Dhondt. Alimsomea tangazo la baraza: Lubbert Coorn, mchongaji, aliteleza. Dhondt alisikiliza mdomo wazi.

"Aliteleza?"

"Ndivyo ilivyotamkwa."

"Maskini Lubbert! Na mimi niliyemtukana mama yake." Alifuta macho kwa mkono uliochubuka. Halafu akamshika Gerlof mabega yote mawili. "Ni wewe. Usinikatalie. Wengine walikuwa wanauliza nyundo, wewe uliuliza maneno. Ni wewe uliyewaonesha!"

"Twende, Maillaert. Mkeo anakungoja."

Gerlof alichagua njia ya nyuma ya soko, ndefu zaidi, isiyopita mbele ya karakana ya Hillegond. Walitoka kwenye Lango la Magharibi wakati bado kuna mwanga. Wa kwanza kuwaona walikuwa wanawake waliokuwa wakikusanya shuka uwanjani. Mmoja alipiga kelele, akaacha kitambaa kwenye matope, akakimbia, na mara mtaa mzima ukawa nje. Walimkumbatia Dhondt, wakampiga mgongoni, wakamvuta masikio. Mkewe alimzaba kofi kwanza kwa hofu aliyomtia, ndipo akamkumbatia.

Meza ililetwa uani, samaki aina ya mikunga waliokaushwa kwa moshi, mkate mweusi, bia. Gerlof alisema ana kazi. Hakuna aliyemsikia, alisukumwa kwenye kiti, kikombe kikajazwa.

Dhondt alipanda juu ya benchi.

"Nyie!" alisema, na watu wakatulia. "Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia tusipeleke shauri mahakamani. Niliwaambia kwa hawa watu sisi tutakufa wageni. Si nilisema?"

"Ulisema, na ulisema sana!" mtu alimjibu, wakacheka.

"Basi nilikosea. Nimelala gerezani, nimesubiri kamba, na mtu wa mji huu amekuja akaniuliza ukweli, akausikiliza, na akanitoa. Mimi, mpausha vitambaa! Wangekuwa wanatuona wageni wangenitoa? Mji huu una sheria. Na sheria yao ni yetu. Sisi ni watu wa Oosterwaard, kuanzia leo nisimsikie mtu akisema vingine."

Walipiga meza kwa vikombe. Gerlof alikunywa, kwa sababu mkono ulihitaji kazi.

Kikongwe mmoja aliyekaa jirani yake alimvuta shati. Alikuwa mama mkwe wa Dhondt, jina lake Josijne, mzaliwa wa mtaa huohuo.

"Mwanangu," alisema, "wewe unakaa nao huko juu, unayasikia. Paa langu linavuja. Matete nimeshaagiza, lakini wajukuu wananiambia tungoje, bibi, hadi mahakama iseme. Mimi sina tena umri wa kungoja. Tungoje, au tuezeke?"

Uani kulikuwa na kelele, lakini wale waliokaa karibu walinyamaza ili wasikie jibu la mtu wa baraza. Dhondt mwenyewe aligeuka, uso unang'aa.

Gerlof aliweka kikombe chini.

"Ezekeni, mama," alisema.